Siku Sita Lisbon, Kuifuata Dhahabu ya Kilwa

Kabla ya safari

Nilikuwa darasa la nne baba aliponivusha kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Akanikalisha kivulini, chini ya ukuta wa Gereza, ile ngome ya kale, akanikatia dafu, akaniambia: "Dhahabu ya mji huu iko Ureno. Na jina la Kilwa limeandikwa juu yake." Sikumuuliza kaambiwa na nani.

Nilipoanza kufundisha historia ndipo nikakutana na habari yenyewe vitabuni. Julai 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa na merikebu zenye mizinga, akatishia kuuchoma mji, mpaka Amiri Ibrahim akakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kumlipa kodi kila mwaka, mithkali 1,500 za dhahabu (mithkali ni kipimo cha kale cha uzito). Dhahabu hiyo ilisafirishwa mpaka Lisbon. Mfalme Manuel I akaamuru itengenezwe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyeshea Ekaristi. Kazi ikakamilika mwaka 1506. Chombo kipo mpaka leo kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, na jina la Kilwa limo kwenye kitako chake. Baba alikuwa sahihi.

Miaka mitatu nimeweka fedha kwenye kikoba kwa ajili ya likizo hii. Mdogo wangu ni muuguzi huko Köln, Ujerumani, na mara ya kwanza nilipomwambia alishangaa: "Dada, watu wote wanataka Paris, wewe Lisbon?" Nilipomweleza sababu alinyamaza kidogo, kisha akasema ataomba ruhusa kazini anifuate.

Kwa mwenzangu anayepanga safari ya namna hii, nasema hivi: anza na visa, tiketi baadaye. Visa ya Schengen huombwa mapema hadi miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudi ukinyimwa. Wanataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki, mahali utakapolala, barua ya mwajiri, na uthibitisho kwamba utarudi. Mimi karatasi yangu ya benki ilirudishwa kwa kukosa muhuri, nikapoteza wiki mbili nikisubiri miadi nyingine. Wiki mbili hizo niliumwa na tumbo la wasiwasi. Kagua mihuri yote kabla hujatoka benki.

Jambo la pili ni siku za kufunguliwa. Makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa Jumatatu, na monasteri ya Jerónimos pia. Magofu ya kanisa la Carmo yenyewe hufungwa Jumapili. Ngome ya São Jorge iko wazi siku zote za wiki. Nilichora jedwali kama la vipindi vya shule, nikaipanga wiki nzima kwa siku hizo. Dhahabu niliiweka Ijumaa, ili mdogo wangu awe amefika.

Jumapili

Tuliruka kutoka Dar alfajiri, tukabadilisha ndege Istanbul, Lisbon tukashuka jioni. Desemba mwendo wa saa wa Lisbon uko nyuma ya wetu kwa saa tatu, kwa hiyo mwili wangu ulikuwa tayari usiku wa manane wakati watu wa huko ndiyo kwanza wanaketi kula.

Metro inaingia mpaka uwanja wa ndege. Unanunua kadi kwa nusu euro, unaijaza tiketi ya saa 24, karibu euro 7, na kwa tiketi hiyo unapanda metro, mabasi na tramu za mjini bila kuulizwa. Nilichukua njia nyekundu mpaka Alameda, nikahamia ya kijani, nikashuka Martim Moniz. Nyumba ya wageni iko ghorofa ya nne, lifti hakuna, ngazi ni za mbao na zinalia kila hatua. Chumba kidogo lakini safi.

Mama mwenye nyumba alikuja kumalizia kutandika. Kireno changu ni cha kujifunzia kwenye simu, miezi minne tu. Akashika mto, akatikisa kitu cheupe mkononi, akasema *fronha*.

Foronya! Nilicheka kwa furaha, yeye akadhani nimemwelewa vibaya, akarudia polepole: *fronha*. Nikamwambia kwetu pia ni foronya. Nikagusa meza: *mesa*. Akaanza kuingia kwenye mchezo. Tuliendelea hivyo mpaka kopo, pipa na kasha. Miaka 500 na zaidi imepita, na mimi na mama huyu tunatandika kitanda kwa neno moja.

Jumatatu

Jua Lisbon mwezi huu linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Niliswali alfajiri saa ambayo nyumbani wanafunzi wangu wangekuwa kipindi cha pili, nikatoka gizani.

Nilipanda kwa miguu kwenda ngome ya São Jorge kupitia Mouraria. Jina hilo maana yake ni mtaa wa Wamori, Waislamu waliobaki baada ya mji kutekwa. Lisbon ilikuwa mikononi mwa Waislamu tangu karne ya 8, mpaka mwaka 1147 mfalme wa Ureno, Afonso Henriques, alipoizingira na kuichukua, akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba waliokuwa njiani kwenda Nchi Takatifu. Msikiti mkuu ukaondoka, mahali pake likajengwa kanisa kuu, Sé, ambalo ukitoka ngomeni unateremka mpaka mlangoni pake. Walioshindwa wakahamishiwa chini ya kilima, nje ya kuta. Ndipo nilipolala mimi.

Kwa juu unaona paa za vigae vyekundu zinateremka mpaka mto Tejo, ambao hapo ni mpana kama mlango wa bahari. Kwa mtu wa pwani mahali hapa panaeleweka mara moja. Bandari iliyojificha na dhoruba, maji ya kina, kilima cha kuangalia anayekuja. Kilwa ilijengwa kwa akili hiyohiyo.

Alfama nilipita taratibu. Jina lenyewe ni la Kiarabu, *al-hamma*, chemchemi za maji moto. Vichochoro ni vyembamba, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia, akina mama wanaongea kutoka dirisha hadi dirisha, na harufu ya samaki wa kuchoma imejaa. Funga macho na uko Mji Mkongwe. Kireno kimejaa maneno ya Kiarabu kama Kiswahili: sukari wanaiita *açúcar*, limau *limão*, na wanapotamani jambo liwe wanasema *oxalá*, ambalo limetoka kwenye dua tunayoijua sote, Mungu akipenda.

Onyo moja la kweli: njia zote zimetengenezwa kwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe, na miaka imevisugua hadi vinang'aa. Ikinyesha ni kama kukanyaga sabuni. Viatu vya soli ya mpira wenye meno, vingine acha nyumbani.

Mchana nikaenda magofu ya Carmo. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa imewashwa, ardhi ilitikisika. Baada ya tetemeko bahari ikajaa na kuingia mjini, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Paa la Carmo lilianguka na halikurudishwa kamwe. Unasimama katikati ya kanisa, matao yamebaki kama mbavu za samaki mkubwa, na juu yako ni mawingu yanapita. Nilikaa pale karibu saa nzima. Msikiti Mkuu wa Kilwa una upande wake ulio wazi hivihivi, nguzo zimesimama na mbingu ndiyo dari.

Mtaa wa chini, Baixa, ulijengwa upya kwa amri ya waziri Marquês de Pombal, barabara zimenyooka, na ndani ya kuta zikawekwa fremu za mbao zilizofungamana kama tenga, ili nyumba icheze na tetemeko badala ya kuvunjika.

Nje ya Carmo kuna uwanja mdogo wenye miti na chemchemi. Hapa, tarehe 25 Aprili 1974, Waziri Mkuu Marcelo Caetano alijisalimisha kwa wanajeshi walioasi, umati ukiwa umejaa na maua ya karnesheni yakichomekwa kwenye mitutu ya bunduki. Wanafunzi wangu huwa nawaambia: siku hiyo msiihesabu kuwa ya Ureno peke yake. Wanajeshi wale walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, upande wetu wa kusini, na kiongozi wao Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu Dar tarehe 3 Februari 1969. Baba anawakumbuka. Anasema walikuwa wanapita na malori usiku, na wazee waliwakataza watoto kuuliza. Nilikaa kwenye benchi la uwanja huo nikawaza malori yale.

Jumanne

Tramu namba 15 mpaka Belém, imejaa pomoni. Begi langu nililivaa tumboni kama nilivyoshauriwa, na mzee mmoja akanionyesha kwa kichwa kwamba nimefanya vyema.

Monasteri ya Jerónimos ni kubwa kuliko picha zake. Ilianzishwa na Manuel I mwanzoni mwa karne ya 16, na ilijengwa kwa ushuru wa asilimia 5 wa biashara iliyotoka Afrika na Asia. Jiwe lake ni jeupe lenye rangi ya maziwa yaliyochujwa, limechongwa kamba za merikebu, mafundo, matumbawe, mimea ya nchi za mbali. Nikatazama kamba moja ya mawe tangu chini mpaka ilipopotelea darini. Fundi aliyeichonga alizijua kamba. Baba angekubali kila fundo.

Mlangoni mwa kanisa, mara tu unapoingia, upande mmoja kuna kaburi la Vasco da Gama na upande mwingine la mshairi Luís de Camões. Da Gama alifariki Cochin, India, mkesha wa Krismasi mwaka 1524, na mifupa yake iliwekwa hapa karne ya 19. Sanamu yake imelala juu ya kaburi, mikono imefumbatwa kama anayeomba. Watu wanapiga picha, wanagusa marumaru, wanaendelea.

Mimi nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nimeandaa hata maneno. Lakini kilichonijia ni mambo ya Kilwa moja moja: Muhammad Ankoni, tajiri wa mji, aliyetolewa kuwa dhamana hadi kodi ilipwe; na Julai 1505, wakati Francisco de Almeida alipokuja na merikebu nyingine, wakashuka na misalaba, wakaupora mji, wakajenga ngome. Mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Ngome ya Kilwa waliiacha mwaka 1512, dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ilikuwa imeshabadili njia. Miaka kumi tu, na mji ambao Ibn Battuta alipoutembelea mwaka 1331 aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri kuliko yote ukawa hauwezi tena kusimama kama ulivyokuwa. Sikusema neno pale kaburini. Nilitaka tu awepo mtu wa Kilwa amesimama hapo anayeyajua hayo, na nilikuwepo.

Nikatoka, nikavuka barabara. Mnara wa Wavumbuzi, ule wenye umbo la merikebu na watu wamejipanga kwenye ubavu wake, ni wa mwaka 1960 na una urefu wa zaidi ya mita 50. Chini yake uwanja umepambwa ramani ya dunia kwa mawe ya rangi. Nikaitafuta pwani yetu, nikasimama juu yake, mguu mmoja Kilwa mwingine Malindi. Mnara wa Belém niliuona kwa nje tu, umesimama majini kama ulivyojengwa tangu muongo wa pili wa karne ya 16. Merikebu zilizokuja kwetu baada ya hapo ziliupita huu zikitoka kwenda baharini.

Vile vikeki vya maziwa na mayai, *pastéis de Belém*, vinauzwa karibu na monasteri tangu mwaka 1837, na foleni yake isikutishe, inakwenda haraka. Mama muuzaji hunyunyiza mdalasini juu. Mdalasini huohuo wa jikoni kwa bibi yangu. Ganda linavunjika kama majani makavu, ndani bado moto unaunguza ulimi. Nilikula viwili, nikafunga vinne vya mdogo wangu.

Jumatano

Mvua tangu asubuhi. Nilikuwa na soksi jozi mbili mguuni na bado vidole vilikufa ganzi.

Nilikwenda Aljube, karibu na kanisa kuu, gereza la zamani la wafungwa wa kisiasa wa utawala wa dikteta Salazar, ambalo tangu mwaka 2015 ni makumbusho. Vyumba vya mahabusu ni vyembamba mno, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ndani kuna habari za vita vya makoloni pia, kwa upande wa waliopinga. Hapo nikawaza juu ya neno gereza. Limetoka kwenye *igreja*, kanisa. Wareno waliweka makanisa ndani ya ngome zao kule pwani, watu wetu wakayaita majengo yale kwa jina walilolisikia, na ngome zilipogeuka kuwa mahali pa kufungia watu, kama Fort Jesus ilivyokuwa chini ya Waingereza, jina likabaki. Mtu wa Lisbon akisikia tunasema mfungwa yuko *igreja* angeshangaa, lakini sisi tunajua tulilolisikia na tuliloliona.

Kutoka hapo mpaka Rossio, kwenye kanisa la São Domingos. Liliungua mwaka 1959, na walipolirudishia paa waliacha nguzo zikiwa na makovu, jiwe limebanduka kama ngozi iliyoungua. Nje kuna jiwe la ukumbusho wa Aprili 1506, wakati umati ulipowaua kwa maelfu Wayahudi waliolazimishwa Ukristo. Mwaka uleule sonara alimaliza chombo cha dhahabu ya Kilwa. Nilisoma tarehe ile mara mbili huku mvua inanidondokea shingoni.

Uwanja wa mbele ya kanisa umekuwa mahali pa Waafrika kukutana kwa karne nyingi. Jumuiya ya Wakatoliki weusi wa Lisbon ilikuwa kanisani humo. Hata leo, na mvua ile, akina mama wa Guinea-Bissau walikuwa wamekaa chini ya miavuli wakiuza ubuyu na karanga. Nilinunua ubuyu. Sikuwa na hamu nao, nilitaka kuongea na mtu.

Jioni nikapanda mpaka barabara inayoitwa Rua do Poço dos Negros, Shimo la Weusi. Mwaka 1515 Manuel I, yuleyule wa monstransi, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa Waafrika waliokuwa wakifa mjini, kwa sababu miili ilikuwa inaachwa hovyo. Sasa ni barabara ya mikahawa na maduka ya vyombo vya udongo, tramu namba 28 inapita jirani. Sikuona haja ya kupiga picha. Nilisoma Fatiha kwa sauti ya chini nikiwa nimesimama kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, nikarudi nyumbani kwa miguu, nimelowa.

Alhamisi

Siku ya mapumziko, niliipanga hivyo makusudi. Watu hunishauri niende Sintra, treni inatoka Rossio na haifiki hata saa moja. Naamini ni kuzuri. Lakini likizo ya kukimbia kila siku unairudisha nyumbani ikiwa uchovu mtupu.

Kufua, kulala, kisha chakula. Mouraria ukishuka Rua do Benformoso utapata chakula halali kwa bei ya kawaida, wapishi wengi wametoka Bangladesh. Na karibu kila mkahawa wa Lisbon una sambusa kwenye kabati la kioo. Wanaziita *chamuças*, zimefika na watu wa Goa na wa Msumbiji. Kuku wa kuchoma wanamwita wa *piri-piri*, na hilo ni neno letu, pilipili, limesafiri kinyume cha mengine yote.

Nilikuwa naongea na mdogo wangu kwenye simu, ndege yake imechelewa, nikamwambia, "Usijali mdogo wangu, njoo taratibu, uji utaukuta." Bibi mmoja kwenye meza ya pili akageuka. Amejifunga leso kichwani kwa mtindo wa pwani kabisa.

"Weye watoka wapi?"

Nusura nidondoshe simu. "Shikamoo bibi. Natoka Kilwa."

"Marahaba mwanangu. Mimi wa Ibo."

Kisiwa cha Ibo kiko Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, na Kimwani cha kwao na Kiswahili ni ndugu wa karibu. Alikuja Ureno miaka ya sabini, mume wake alikuwa mtumishi. Mama yake alikuwa akija Mtwara kuuza na kununua, ndiko walikopata Kiswahili. Tuliongea saa mbili, nyingine kwa Kimwani, nyingine Kiswahili, na palipopungua tukajazia Kireno. Aliniuliza kama mashua za tanga bado zipo. Nikamwambia zipo, ingawa nyingi sasa zimefungwa mashine. Akaniuliza kama kaskazi bado inaanza Novemba. Swali hilo lilinigusa: pepo haziwezi kubadilika kwa sababu yeye hayupo, lakini alihitaji mtu aliyetoka huko amwambie. Nikamwambia, "Inaanza bibi, na baba amekwisha geuza tanga."

Tulipoagana alinitia mkononi euro tano. Nilikataa, akanikazia macho. Nilizipokea.

Mdogo wangu aliingia saa nne usiku, amebeba sweta mbili zangu. Tulilala kitanda kimoja kama utotoni.

Ijumaa

Basi namba 714 kutoka Praça da Figueira linakushusha mlangoni, Rua das Janelas Verdes. Tulifika kabla hawajafungua, tukasubiri kwenye baridi, tumekumbatiana mikono.

Njiani kwenda kwenye chumba cha kazi za masonara kuna pazia za Kijapani, zile za kukunja, zilizochorwa merikebu za Wareno zikiwasili Japani. Ukitazama kwa makini kwenye milingoti na foromali utawaona watu weusi, wepesi, wamening'inia kwenye kamba. Mabaharia wa bahari yetu. Mdogo wangu ndiye aliyewaona kwanza.

Halafu tukaingia, na chombo kilikuwepo, peke yake ndani ya kioo.

Kina urefu wa sentimita zipatazo 70. Nilitarajia kitu kizito, kumbe ni kama kitambaa cha lesi kilichosimama: minara midogo, matao, ndege, maua, vyote dhahabu, vingine vimepakwa rangi za enameli, nyekundu, buluu na kijani kibichi. Katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili, kila mmoja na uso wake, kila mmoja na joho la rangi yake. Hakuna aliye mkubwa kuliko kidole. Shingoni kuna tufe za falaki, alama ya mfalme Manuel. Kazi yake inanasibishwa na sonara Gil Vicente. Ni kizuri. Naandika hivyo kwa moyo wote. Niliogopa kwamba nikikiona kizuri nitakuwa nimemsaliti mtu, lakini mikono iliyokitengeneza haikuwa ile iliyoelekeza mizinga, na dhahabu iliyomo watu waliichimba nyanda za Zimbabwe, wakaipeleka Sofala, wakaisafirisha kwa majahazi mpaka Kilwa, kabla hajaja yeyote kuidai.

Nikainama mpaka paji la uso likakaribia kioo. Maandishi yamezunguka kitako, herufi za zamani, maneno mengine yamefupishwa. Nilikuwa nayo kwenye daftari lakini nilitaka kuyanakili mwenyewe. Mdogo wangu aliniita herufi moja moja, mimi nikaandika, tukazunguka kioo kizima kama watu wanaotufu. Mlinzi alitusogelea, akatazama daftari, akarudi mahali pake.

Huku nyuma ya makumbusho kuna bustani inayotazama mto. Saa nne na nusu kwetu hapo. Kilwa ni saa saba na nusu, wametoka Ijumaa. Nilimpigia baba. Nilisikia sauti za watu, bado yuko kwenye baraza ya msikiti.

"Baba, nimekiona."

"Soma."

Nikamsomea kwa Kireno kwanza, kisha kwa Kiswahili: kwamba mfalme mtukufu na mwenye nguvu, Dom Manuel wa Kwanza, aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika mwaka wa 506, maana hawakuiandika elfu.

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Kilwa wameandikaje?"

"Kwa Q, baba. Na kwenye W yetu wameweka V."

"Lakini ni Kilwa."

"Ni Kilwa."

Nikasikia anageuka na kuita, "Jamani, njooni msikie." Vikasikika viatu, vikohozi, mtu anauliza ni nani huyo, mwingine anasema ni yule binti mwalimu, yuko Ureno. Simu ikawekwa sauti kubwa.

"Haya," baba akasema. "Soma tena. Polepole."

Nikafungua daftari, nikaanza upya tangu neno la kwanza.